Ufundi wa Kuchelewesha

Mvua za Mbinga hukoma mwezi wa Mei, na mtu wa mbali hudhani kazi ya shamba nayo imekoma. Maharage yanang'olewa, mahindi yamesimama yakikaukia kwenye mabua, na ukungu unalala mabondeni mpaka saa tatu asubuhi ndipo jua linapoufikia uwanja wa nyumba. Mgeni aliyekuja kutembea hujikunyata kwenye koti lake karibu na jiko, akiuliza mwenyeji wake yuko wapi. Yuko bondeni. Ameshuka tangu alfajiri na ndoo zake, na hatapanda mpaka tuta la mwisho la kabichi liwe limelowa.

Tumezoea kuhesabu kilimo kwa mvua. Kipupwe tunakitaja kama muda wa katikati, wakati wa kuvuna, kuuza, kuoa na kuezeka. Umatengoni, kwenye milima inayopanda kutoka Mbinga mjini kuelekea Litembo, kipupwe kina kilimo chake: bustani ya miezi ya baridi, tangu Juni hadi mvua za Novemba, pamoja na nyumba inayoilisha bustani hiyo na kulishwa nayo, banda la nguruwe, lundo la maganda ya kahawa, kichanja cha kukaushia mboga, chungu cha mbegu. Kwa eneo ni kitu kidogo. Pengine hakifiki robo ya ekari, na katika hesabu za mazao za wilaya sidhani kama kinaonekana. Lakini ukikaa nacho kwa muda utaona kwamba kina akili moja inayopita ndani ya kila tendo, nayo ni kuchelewesha. Mkulima wa bustani ya kipupwe hana nguvu ya kuleta maji, wala joto, wala mvua. Anachoweza ni kuvizuia vilivyopo visiondoke upesi.

Wenzetu wa nchi za baridi kali wana ufundi wao unaofanana na huu kwa jina tu. Eliot Coleman, mkulima wa jimbo la Maine huko Marekani, amejulikana kwa kuvuna mboga katikati ya theluji, na kanuni anayoisisitiza ni ya mwanga: mwanga wa siku unapopungua chini ya saa 10, mimea karibu yote husimama kukua hata ukiifunika kwa kioo. Kwake kipupwe ni vita vya kutafuta jua. Mbinga iko karibu digrii 11 kusini mwa ikweta, na siku fupi kabisa ya Juni bado ina mwanga wa takriban saa 11 na nusu. Baridi yenyewe inauma bila kuua. Usiku wa Julai huteremka hadi karibu digrii 10, mchana jua likatoka na mtu akavua sweta. Kwa njegere, karoti, viazi mviringo na kabichi, hayo ni maisha mazuri kuliko ya Februari yenye matope na wadudu. Kinachopungua ni maji peke yake, na maji ya Julai hayawezi kutafutwa Julai.

Yanatafutwa Machi, juu mlimani, kwenye ngoro.

Anayezijua ngoro anivumilie, kwa sababu siwezi kuisifu bustani ya bondeni bila kupita kwenye mashimo yaliyo juu yake. Mwishoni mwa mvua kubwa, shamba lililopumzika likiwa limeota nyasi ndefu, wanaume huingia na nyengo na kuzifyeka. Nyasi huachwa zinyauke, kisha hukusanywa na kulazwa kwa mistari inayopishana, mmoja ukifuata mteremko na mwingine ukiukata, mpaka mlima mzima uwe umechorwa miraba. Hapo wanawake huingia na majembe. Kila mmoja husimama ndani ya mraba, akachimba udongo wa katikati na kuutupa juu ya nyasi za pande zote nne. Nyasi zinazikwa, kingo zinainuka, katikati panabaki shimo lenye upana wa mita moja na nusu au mbili. Maharage hupandwa juu ya kingo hizo hizo, na udongo mwingine wa shimoni ukatupiwa juu yao. Ukisimama ng'ambo ya bonde, mteremko huo unaonekana kama sega la nyuki lililosimamishwa wima.

Mvua za mwisho za Machi na Aprili zinapopiga, maji hayapati njia ya kukimbilia. Yanaingia shimoni, yanatulia, yanaacha tope lake humo, na kama ni mengi hufurika polepole kwenda shimo la chini. Maharage yakivunwa, kingo hubaki na nyasi zake zinazooza ndani kwa ndani, na mwezi wa Novemba au Desemba mahindi hupandwa juu yake. Magugu ya palizi hutupwa shimoni yaozee huko. Mahindi yakitoka, shamba hupumzika kidogo, kisha ngoro huchimbwa upya kwa namna ambayo shimo la zamani hugeuka kuwa ukingo na ukingo kuwa shimo, hivyo tope lililotulia kwa misimu miwili hupandishwa juu kulisha mizizi. Hakuna kinachotoka mlimani ila kile kilichobebwa kwa kikapu.

A. H. Pike aliandika juu ya kilimo hiki mwaka 1938 katika jarida la Tanganyika Notes and Records, na tangu hapo wageni hawajaacha kuja kupima mashimo. Katika miaka ya 1990 walikuja watafiti wa Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo wakiwa na wenzao wa Japani, wakakaa vijijini, wakapima mmomonyoko na rutuba, wakakubali walichokuwa wanakijua wenyeji. Wengi hueleza kwamba ngoro ziliimarika karne ya 19, Wangoni walipoingia Ruvuma na Wamatengo wakajibana kwenye miinuko ya Litembo, watu wengi juu ya ardhi finyu yenye mteremko wa kutisha. Mimi hupenda kulinganisha na Uluguru. Huko serikali ya kikoloni iliamuru wakulima wachimbe matuta ya ngazi kwa nguvu ili kuokoa udongo, na mwaka 1955 watu walichoka wakaandamana mpaka damu ikamwagika. Udongo wa Umatengo ulikuwa umeshaokolewa kabla afisa yeyote hajafika na kanuni zake, na waliouokoa hawakulipwa posho.

Na waliouokoa, tuseme wazi, ni wanawake zaidi. Maandishi mengi ya sifa husema "Wamatengo huchimba ngoro". Kufyeka ni kazi ya siku chache. Kuchimba, kupanda, kupalilia na kuvuna ni kazi ya miezi, na mikono inayoifanya ndiyo hiyo hiyo inayoshika ndoo bondeni mwezi wa Julai. Sifa isiyotaja jambo hili ina deni.

Ardhi ya huko hugawanywa kwa ntambo, yaani kipande cha mlima kilicho kati ya vijito viwili, kinachoanzia kileleni na kushuka hadi majini, mali ya ukoo mmoja. Juu kuna msitu au vichaka, chini yake ngoro, katikati nyumba zikiwa zimezungukwa na kahawa na migomba, na mwisho kabisa bustani. Mpangilio huo unaeleza kila kitu. Maji yaliyozuiwa na ngoro mwezi wa Aprili yameingia ardhini, yanatembea gizani kwa mwendo wa mtu asiye na haraka, na yanatokeza chini, kwenye unyevu wa bonde, Juni, Julai, Agosti. Anayemwagilia chainizi Agosti anatumia mvua aliyoikamata mwenyewe miezi minne iliyopita. Mto Ruvuma nao hupokea maji ya milima hii ya Umatengo, ukazunguka kuelekea mashariki, ukawa mpaka wetu na Msumbiji, ukamwaga Bahari ya Hindi baada ya safari ya karibu kilomita 800. Sehemu ya maji hayo ilipumzika kwanza ndani ya shimo la maharage.

Bondeni kuna elimu ya pili. Mwezi wa Juni ardhi ya chini bado imelowa mno, mche ukiuweka unaoza mguu. Kwa hiyo tuta la bustani huinuliwa, na kati ya tuta na tuta huachwa mfereji wa kupunguza maji. Kadiri wiki zinavyokwenda maji hupungua, na fundi huanza kuziba mifereji ile ile aliyoichimba, mmoja baada ya mwingine, kwa bonge la udongo na majani. Ikifika Septemba tuta lake halijainuka tena. Limetandazwa nyasi, na mimea imekaa kwenye vishimo vidogo ili kila kikombe cha maji kiishie mzizini. Hakuna ofisa anayemtangazia siku ya kuziba. Anakanyaga kwa unyayo mtupu, akasikia.

Nilimkuta mama mmoja akiwa ameinama kwenye kitalu chake, nikamwamkia.

"Shikamoo mama."

"Marahaba mwanangu. Usikanyage hapo, pita huku. Hapo kuna karoti."

Sikuona karoti. Niliona nyasi kavu tu. Akaninyooshea kidole: chini ya nyasi, udongo ulikuwa mweusi wenye ubaridi, na vinyuzi vya kijani ambavyo kwa macho yangu vilikuwa magugu. Nikamuuliza kwa nini nyanya hakuzipanda huku kwenye maji, amezipanda kule juu karibu na jiko ambako anazipandishia ndoo. Alinitazama kama mtoto aliyeuliza kwa nini kuku hanyonyeshi.

"Huku usiku kunalala baridi. Nyanya atalalaje huku?"

Ni kweli, na sababu yake ni ya fizikia. Hewa baridi ni nzito, na usiku mtulivu huteleza kwenye mteremko kama inavyoteleza maji, ikakusanyika chini. Hatua chache kupanda zinaweza kuwa tofauti ya digrii kadhaa. Kabichi na njegere hulala bondeni kwa raha. Nyanya, pilipili na biringanya hupewa nafasi karibu na ukuta wa nyumba, unaotunza joto la mchana. Mboga zinapangwa kwa miinuko, kila moja na kimo chake, na kwa kuwa mgeni haoni mistari ya mpangilio huo hudhani ni vurugu.

Kumwagilia nako kuna saa yake. Kule kwenye joto tunafundishwa kumwagilia jioni ili maji yasikauke. Umatengoni wengi humwagilia asubuhi umande ukishaanza kuondoka, maana jani likilala limelowa usiku wa baridi linaita ukungu, ugonjwa ule unaotia mabaka meusi nyanya na viazi na kulifanya shamba zima kunuka ndani ya siku chache. Kimelea hicho ndicho kilichoteketeza viazi vya Ireland katika miaka ya 1840 na kuwaua watu kwa njaa, nacho kinapenda hali ile ile ya ubaridi na unyevu tunayoisifu. Kwa hiyo sikubaliani na wanaosema msimu wa baridi hauna magonjwa. Una ya kwake. Dawa za kupulizia zipo madukani, lakini nimeona wengi wakitegemea zaidi nafasi kati ya mche na mche, miti ya kusimamishia nyanya, na kukata majani ya chini yanayogusa udongo.

Upande wa wadudu baridi inasaidia kweli. Kantangaze, yule nondo mdogo mwenye asili ya Amerika ya Kusini ambaye funza wake hutoboa majani na matunda ya nyanya, alibainika nchini mwaka 2014 na akawafilisi wakulima wengi. Kwenye joto la digrii 27 hukamilisha kizazi kwa takriban siku 24. Kwenye digrii 14 huhitaji zaidi ya siku 70. Baridi haimuui, inamchelewesha, na katika muda huo mkulima anakuwa ameshaokota majani yenye mistari nyeupe na kuyachoma.

Mboga nayo hucheleweshwa. Chainizi ambayo kwenye joto ungeichuma baada ya mwezi, huku itakuomba wiki mbili zaidi. Vijana wa mjini wanaolima kwa ajili ya soko hulalamikia jambo hili, kwa kuwa hesabu yao ni ya mizunguko mingapi kwa msimu. Mama wa nyumbani hulifurahia. Kabichi iliyofunga Julai hukaa shambani kwa wiki nyingi bila kupasuka wala kuoza, ikingoja siku ya kuhitajika, siku ya wageni, siku ya ada. Njegere haikomai kwa mkupuo, inavunwa kidogo kidogo. Karoti hazichimbwi mpaka zitakiwe. Bila friji na bila umeme, chakula kinahifadhiwa kikiwa hai.

Nje ya bustani, nyumba nzima hugeuka kuwa sehemu ya kazi hiyo. Kipupwe ndicho kipindi cha kuvuna kahawa, na kahawa ndiyo bwana mkubwa wa Mbinga tangu ilipoingia katika miaka ya 1920. Kuanzia Juni mikono yote inatakiwa kwenye mibuni. Buni huchumwa nyekundu, humenywa siku hiyo hiyo, huchachushwa, huoshwa, huanikwa kwenye vichanja na kugeuzwa na kufunikwa kila wingu likipita. Bustani hupata alfajiri na jioni tu, masalia ya muda. Fedha ya kahawa huja baadaye, kupitia chama cha msingi na mnada, na ikija ina majina ya watu tayari: ada ya sekondari, bati, mbolea ya msimu ujao. Chumvi, sabuni, daftari na nauli ya kwenda hospitali ya Litembo havisubiri mnada. Hivyo hulipwa na mafungu ya mboga yanayobebwa kichwani au kwa bodaboda. Nimesikia wataalamu wakiita bustani "shughuli ya ziada" ya mkulima wa kahawa. Kwa ninavyoona, kaya nyingi zingeuza buni changa mtini kwa walanguzi kama zisingekuwa na bustani ya kuzivusha mpaka malipo.

Kahawa nayo hulipa bustani kwa namna yake. Maganda mabichi yanayotoka kwenye mashine ya kumenyea ni mengi, yana asidi, yananuka na kuvuta nzi, na yakitupwa kijitoni huchafua maji ya wote walio chini. Fundi hayapeleki bustanini yakiwa mabichi, maana yataunguza miche. Huyalundika pembeni, safu ya maganda, safu ya samadi ya nguruwe, majivu ya jikoni, nyasi, tena maganda, akafunika kwa majani ya migomba. Baridi huchelewesha kuoza, kwa hiyo lundo la Julai si la Agosti. Ni la mwakani. Anayepanda kabichi mwaka huu anatumia maganda ya msimu uliopita, na anayeanza leo hana budi kuomba kwa jirani. Nguruwe mwenyewe hulishwa majani ya nje ya kabichi, maganda ya viazi, pumba za mahindi. Ni akiba nzuri mpaka siku homa ya nguruwe itakapoingia kijijini, kwa kuwa haina tiba, na watu wanaojua hawaweki akiba yao yote bandani.

Teremka sasa kwenda ziwani. Barabara ya lami kutoka Mbinga hadi Mbamba Bay ina urefu wa kilomita 60 na ushee, na katika safari hiyo fupi mtu hushuka karibu mita elfu moja, kutoka kwenye sweta hadi kwenye kanga ya kujipepea. Pwani ya Nyasa, ambayo tangu mwaka 2012 ni wilaya ya peke yake, ni nchi ya muhogo, mpunga na samaki. Huko kipupwe ndicho kipindi pekee ambacho nyanya na kabichi hukubali bila ugomvi. Upepo wa mwera huvuma kutoka kusini, ziwa huchafuka, na siku ambazo mitumbwi haiwezi kutoka wavuvi wengine hushika jembe.

Namna yao ya kupata maji ni kinyume cha ile ya milimani, na bado inashangaza kwa jinsi inavyofanana. Ziwa Nyasa hujaa kufikia Mei, mito ikishamwaga mvua zote, kisha hushuka polepole hadi Novemba au Desemba. Linaposhuka linaacha ukanda wa ardhi yenye unyevu ufukoni na kwenye midomo ya mito, kama ule wa Ruhuhu upande wa Lituhi. Wakulima hulifuata ziwa linavyorudi nyuma. Mstari wa kwanza wa mboga hupandwa juu, wa pili chini yake baada ya majuma kadhaa, wa tatu pale palipokuwa na maji mwezi uliopita. Mlimani mkulima hushikilia maji yasishuke. Ufukoni maji yanaondoka yenyewe kwa taratibu, naye kazi yake ni kutoyatangulia, kwa sababu anayepanda mapema mno chini ataamka siku ya mwera akute mawimbi yamelala juu ya miche.

Kati ya pande hizi mbili kuna biashara ya zamani kuliko lami. Usipa mkavu hupanda, maharage na kabichi hushuka. Mbasa akibahatika kufika milimani hupikwa na nyanya za ukutani. Siku hizi magari yamefupisha njia, na tenga la nyanya lililojazwa Mbinga asubuhi linauzwa Liuli siku hiyo hiyo, jambo ambalo limewafanya wakulima wa ufukoni wanung'unike kwamba bei yao imevunjwa na watu wa baridi.

Kuna mgogoro mwingine ulio mzito zaidi. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 inakataza shughuli za kudumu, na zile zinazoweza kuharibu, ndani ya mita 60 kutoka ukingo wa mto au ziwa. Naielewa sheria hiyo. Nimeona mtu akiosha pampu ya dawa kwenye kijito ambacho hatua mia chini yake watoto wanateka maji. Nimeona chemchemi iliyochimbuliwa mpaka ikafa. Lakini mabonde ya Umatengo ni membamba. Ukipima mita 60 kila upande umeshaimeza bustani yote, na mara nyingine umeingia kwenye kahawa na kugonga mlango wa nyumba. Iringa na Njombe wamekuwa na mvutano kama huo juu ya vinyungu, bustani zao za mabondeni. Mimi ningeanza na mikaratusi iliyopandwa kando ya vijito kwa ajili ya nguzo na kuni za kuchomea matofali, inayokunywa usiku na mchana bila kuzibiwa mfereji, kabla sijamgusa mwenye matuta matatu ya figiri aliyetandaza nyasi. Na ningemwuliza diwani anayetaka kulinda maji ya bondeni ni lini mara ya mwisho alipanda juu kutazama kama ngoro bado zinachimbwa, maana zipo familia ambazo zimeacha, zikalima matuta ya kawaida yanayofuata mteremko, kwa kuwa vijana wameondoka na anayebaki hana nguvu ya jembe. Bonde haliwezi kulindwa kuanzia chini.

Mwisho wa msimu ni wa mbegu, na hapo ndipo bustani hizi zinapogawanyika kati ya zinazonunua na zinazojitegemea. Mbegu ya kabichi lazima inunuliwe. Kabichi ni mmea wa miaka miwili, hautoi ua mpaka upitie majuma mengi ya baridi kali kuliko hii yetu, na kwa hiyo pakiti hutoka mbali. Sukuma wiki huzungukwa kwa ujanja: mche mzee huachwa utoe machipukizi ubavuni, yakavunjwa na kuchomekwa ardhini, na ukoo mmoja wa sukuma wiki unaweza kuhama kutoka nyumba hadi nyumba kwa miaka bila mbegu hata moja. Figiri, mnavu, mchicha na njegere huzaa mbegu zenyewe. Mkulima huteua mche ulio bora, ule uliochelewa kutoa maua kuliko wenzake, maana uliowahi kuchanua ndio uliowahi kukoma kutoa majani. Huufunga kitambaa ili watoto wasiuchume na wageni wasiusifu kwa kuubeba.

Wakati huo huo mboga za mwisho hukaushwa. Majani ya maharage na ya kunde huchemshwa kidogo, huanikwa kivulini ili yasipoteze rangi, na kufungwa kwa ajili ya Januari, mwezi ambao shamba ni la kijani kibichi kila upande na chakula ni haba.

Mbegu zikishapukuchwa huchanganywa na majivu na kuning'inizwa juu ya jiko la kuni, moshi uzikaushe na kufukuza dumuzi. Ndivyo bibi zetu walivyofanya na ndivyo wengi wanavyofanya hadi sasa. Serikali mwaka 2024 ilizindua mkakati wa nishati safi ya kupikia unaolenga asilimia 80 ya Watanzania kufikia 2034, na mitungi midogo ya gesi imeanza kuonekana hata vijiji vya ndani kabisa. Ni jambo jema kwa macho na mapafu ya wanawake, nami siwezi kumwombea mtu moshi ili figiri yake iote. Yule mama wa karoti ana mtungi sasa, alipewa na mwanawe. Mbegu zake amezihamishia kwenye chupa za maji za plastiki, amezikausha kwanza kivulini kwa siku nyingi, akazijaza majivu mpaka shingoni na kukaza kizibo. Zinaota vizuri, amesema, labda kuliko za zamani. Majivu anayaomba kwa jirani ambaye bado hajapata gesi, na kila mwaka humlipa kabichi moja.